Vidole Viwili, Mpira wa Kasi

Overport, Durban
6 Mei 2025

Billy,

Umenizuia kwenye simu, kwa hiyo naandika kwa kalamu. Peguy, mdakaji wa akiba mliyehama naye, atakuletea barua hii akirudi Johannesburg. Usimwulize kama ameisoma. Hajaisoma, na hajui kudanganya.

Jana niliitwa ofisi ya ligi ya besiboli. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, wakili Sonia, alinisomea maelezo yako kuhusu fainali. Umeandika kwamba mpira wa mwisho uliurusha kama nilivyouomba, na kwamba hujui kwa nini sikuudaka. Nilimwomba asome tena. Alisoma tena, pole pole, kama mtu anayemsomea mgonjwa.

Wewe na mimi tunajua niliomba nini. Nilitoa vidole viwili: mpira unaozama, chini, upande wa nje. Nilikuwa nimeshaegemea huko. Wewe ukarusha wa kasi, ndani, juu ya bega langu la kushoto. Ulipita ukagonga ukuta wa nyuma, na mtu wao aliyekuwa kituo cha tatu akaja kituo cha nyumbani akitembea. Hakukimbia, Billy. Alitembea, na ubingwa ukaenda naye.

Nikasimama nikajigonga kifua: kosa langu. Hiyo ndiyo kazi. Mrushaji akianza kujilaumu mbele ya watu mkono wake unakufa, lakini mdakaji ana kinyago cha kuficha uso, kwa hiyo lawama anabeba yeye. Nimefanya hivyo kwa kila mrushaji niliyewahi kumdakia. Sasa kamati inaangalia video na kusema kwamba nilikiri.

Halafu iko ile picha. Mvua iliposimamisha mchezo, mtu alinipiga picha nyuma ya ubao wa matokeo nikisugua kucha. Wanasema nilikuwa nawapa ishara wacheza kamari, kwa sababu kuna kundi lililoweka dau kubwa kwamba tutafungwa mzunguko wa mwisho. Ilibidi nimweleze wakili yule mambo ya kucha kama nilivyokueleza wewe siku ya kwanza: kwamba napaka rangi nyeupe ili mrushaji avione vidole vyangu kwenye kivuli kati ya mapaja, kwamba udhu haushiki juu ya rangi, kwa hiyo natawadha kwanza ndipo napaka, na udhu ule unanifikisha alasiri. Siku ile mvua ilitukalisha muda mrefu, nikaenda msalani, udhu ukatoka. Nikaifuta rangi, nikatawadha upya, nikaswali. Chupa ya rangi ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu Fathima, na Fathima alikuwa amekimbilia kwenye gari. Taa za uwanja zilikuwa zimewashwa. Niliona zinatosha.

Mama yule alisikiliza vizuri. Kisha akasema: “Bwana Hoosen, mrushaji wako anasema ishara aliiona.”

Kesi ni tarehe 12 Juni. Wakinitia hatiani nafungiwa maisha, kucheza na kufundisha. Nilidaka miaka kumi na mbili bila senti, kwenye viwanja vya shule, na kamba za glavu za kununua kwa mshona ngozi pale soko la Warwick. Dole gumba limevunjika mara mbili na kile kidogo hakinyooki tena. Ligi ya kulipwa ilipokuja nilikuwa mdakaji wa kwanza Durban kutia saini. Sina kazi nyingine ninayoijua hivi.

Andika sentensi moja: kwamba ulirusha mpira ambao sikuuomba. Sitaki zaidi.

Hoosen


Johannesburg
12 Mei 2025

Kaka Hoosen,

Barua nimeipata. Nilikuzuia kwa sababu klabu yangu mpya imenikataza kuongea na mtu yeyote wa kesi hii kwa simu. Peguy amenisihi nijibu, basi najibu.

Nimesema nilichosema. Unataka nibadilishe maelezo nionekane mwongo mbele ya klabu iliyonichukua juzi tu?

Na kwa kuwa unapenda kuzungumzia kazi, tuzungumze kazi. Ulifuta rangi katikati ya fainali na hukuniambia. Ulirudi ukachuchumaa kama kawaida, ukanitolea vidole vitupu. Ungeshindwa nini kupanda kilima cha mrushaji useme, “Billy, leo sina rangi”? Mdakaji anayemjali mrushaji wake hafanyi hivyo. Ungeweza kuswali baada ya mchezo. Mungu wako hakuwa na haraka, sisi ndio tulikuwa nayo.

Wachezaji wote wanajua mimi na wewe tulikuwa kama ndugu. Uliponikuta Albert Park nalala sebuleni kwa Marie-Claire, mama aliyenipokea, wewe ndiye ulinipeleka majaribio. Sijasahau. Lakini usinibebeshe mzigo ambao ulijigonga kifua mwenyewe mbele ya watu wote ukausema ni wako.

Salamu kwa Fathima.

Billy


Overport
16 Mei 2025

Billy,

Salamu zako Fathima amezikataa.

Umeniambia kuhusu Mungu wangu. Nitaliacha hilo, kwa sababu nikilianza sitamaliza. Kwa taarifa yako tu, mvua ile ilikuwa imesukuma mchezo hadi magharibi. Hapakuwa na “baada ya mchezo”.

Lakini nimekaa na barua yako, na kuna kitu ndani yake kinaninyima raha. Mwezi huu wote nilidhani ulikosea tu, ukaona aibu, ukadanganya. Watu hufanya hivyo. Sasa najiuliza: kama ishara uliiona, rangi inakuuma nini? Kwa nini barua nzima ni rangi, rangi, rangi? Taa zilikuwa zinawaka. Peguy alikuwa benchi na anasema alivihesabu vidole vyangu kutoka pale alipokaa.

Basi nimerudi nyuma. Januari ulianza kunitaka nipake rangi hata mechi za saa sita mchana. Nikadhani ni ushirikina wa warushaji. Kila mmoja ana wake. Februari ulianza kupokea mipira yangu ya kurudisha kwa kifua badala ya glavu, tukakucheka. Ile siku tunatoka mazoezini ukasimama kwenye robot ya kijani, zile taa za barabarani, mpaka magari yote nyuma yakapiga honi, ukasema eti taa ziko tatu tatu, na mimi nikasema huyu amelewa, kumbe hunywi.

Mimi kazi yangu ni kumwangalia mrushaji. Nakuangalia kuliko mama yako alivyokuangalia. Na hili lilinipita mbele ya macho.

Hukuviona vidole, sivyo? Hukujua ni kimoja au ni viwili. Ukabahatisha.

Niambie kama nimekosea. Nikiwa nimekosea nitakuomba radhi kwa maandishi na unaweza kuipeleka kwa wakili Sonia.

Hoosen


Johannesburg
25 Mei 2025

Hoosen,

Nani mwingine umemwambia?

Nijibu hilo kwanza. Kama umemwambia Fathima, mwambie anyamaze.

Ni jicho la kushoto zaidi. La kulia nalo limeanza. Daktari aliyeniona nilipokwenda nyumbani Krismasi alisema kioo cha mbele cha jicho kinachongoka kama ncha ya yai. Mchana nafuu, taa zikiwaka kila kitu kina mapacha. Kupimwa na klabu nilipita kwa sababu chati ya herufi iko ukutani na niliikariri nikiwa kwenye foleni. Unaweza kucheka.

Sasa nisikilize. Upasuaji upo, na nitafanya, lakini baada ya msimu huu. Nikisema leo, mkataba unavunjwa leo, na hakuna klabu duniani inayomsubiri mrushaji asiyeona. Wewe una miaka thelathini na tisa. Magoti yako ukishuka ngazi yanasikika chumba cha pili. Hata wasipokufungia, umebakiza nini? Msimu mmoja? Mimi nina ishirini na sita.

Umebeba makosa ya warushaji maisha yako yote, tena kwa watu ambao hata salamu hawakukupa. Nakuomba ubebe hili moja. Sema uliteleza. Waambie mvua, magoti, chochote. Pengine watakupunguzia.

Hukuwahi kuniomba kitu nikakunyima. Usininyime hiki.

Billy


Johannesburg
2 Juni 2025

Ya Hoosen, kaka mukubwa,

Minakuandika na mukono wa kushoto, utanisamehe vile herufi zinaanguka. Ule wa kuume wameufunga kwa kifua juu clavicule, ule mufupa wa bega, imevunjika. Niko hôpital lakini usipanike, kesho banasema narudi nyumbani.

Ilikuwa jumamosi, match ya kujaribu tu, na timu ya Pretoria. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Billy. Nilimuomba ile ya kuzama, nikatoa vidole viwili, nikashuka chini na glavu vile ulinifundisha. Ile ya kasi ikakuja. Sikukuwa na wakati hata wa kupandisha mukono. Ilinipiga hapa chini ya shingo. Docteur anasema kama ingepanda kidogo tu ingenikuta kwa koo, na pale kinyago hakifunike.

Nilifanya kama ulinifundisha. Nilisimama, nikagonga kifua, nikasema iko yangu. Nikagonga na ule mukono muzuri. Kisha nikaanguka.

Billy amekaa na mimi hapa siku mbili. Ananiletea fufu, lakini ananiangalia kama mutu aliuwa mutu. Analia kwa couloir, anafikiri siskii. Nikamwambia grand, kaka yangu, ça va, ni mupira tu.

Niambie ukweli, Ya Hoosen. Mi niliweka vidole mubaya? Mwenyewe nimefikiri mpaka kichwa inauma. Labda sikutenganisha vizuri, viwili vikaonekana kimoja. Kama iko kosa yangu uniambie, nitarekebisha mbele ya mufupa kupona. Sitaki coach aseme sijui kazi.

Salimia maman Fathima.

Peguy


Overport
4 Juni 2025

Billy,

Barua yako ya mwisho sikuijibu. Nataka ujue kwa nini.

Niliisoma nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikatembea nayo wiki nzima. Nilikutukana njiani kwa Kizulu na kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili changu cha bibi hakina matusi ya kutosha. Lakini kufika Ijumaa nilikuwa nimechoka, na nilikuwa karibu kukubali. Si kwa kukuhurumia. Uliposema nimebakiza msimu mmoja ulisema kweli, na kweli ya namna ile inamkata mtu miguu.

Fathima ndiye aliyeuliza. Alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia. Akasema, “Na huyo mtoto wa watu anayemdakia huko Johannesburg, anajua?”

Nilifikiria kesi yangu, jina langu, magoti yangu. Peguy sikumfikiria hata mara moja. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ukampiga.

Nimepata barua yake. Ameiandika kwa mkono wa kushoto. Ananiuliza kama aliweka vidole vibaya. Mfupa umevunjika, anakaribia kuzimia, na bado alisimama akajigonga kifua kukusitiri wewe, kwa sababu mimi mpumbavu ndiye niliyemfundisha. Na wewe ulikuwa hapo. Ulikaa pembeni ya kitanda chake siku mbili, ukamlisha fufu, na ukamwacha aendelee kuamini ni kosa lake. Eish, Billy. Machozi yako ya kwenye korido yapeleke kwingine.

Usiniambie tena habari ya miaka ishirini na sita. Peguy ana ishirini na moja. Na mpigaji atakayesimama mbele yako wiki ijayo, yeye ana miaka mingapi? Ana mke? Ulimwuliza? Na siku mpigaji atakapokurudishia mpira usoni, utauona ukiwa wapi? Utauona ukishafika.

Leo asubuhi nimempigia simu wakili Sonia. Nimemwambia yote: macho, chati uliyoikariri, robot, Januari, Februari. Nimemwambia pia kwamba nilijua tangu katikati ya Mei na nikanyamaza, na aandike hivyo. Ligi itakuita upimwe kabla ya kesi. Safari hii chati itakuwa nyingine.

Peguy nimemjibu. Nimemwambia vidole vyake vilikuwa sawa.

Hoosen


Overport
13 Juni 2025

Billy,

Jana ulikuwa kwenye skrini na mimi nilikuwa chumbani, kwa hiyo hukuniona vizuri, na sisemi hivyo kwa dhihaka. Nataka ujue hali ilivyokuwa upande huu wa meza.

Wakili Sonia alisoma majibu ya daktari wa macho. Watu watatu wa kamati walitikisa vichwa. Akakuuliza kama siku ya fainali uliviona vidole vyangu, ukasema hapana. Sauti yako ilikuwa chini lakini ilisikika. Nilihisi shingo yangu imelegea kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Fathima alinishika mkono juu ya meza.

Halafu akakuuliza swali la pili. Je, kwa maoni yako, Hoosen aliifuta rangi makusudi ili mpira ule upite?

Ukainama. Ukasema, “Sijui.”

Miaka mitatu nimekudakia. Ulikula kwangu Idi tatu. Ulipopata habari za msiba wa baba yako ni mimi niliyekuwa nimekaa na wewe kwenye ngazi za lile ghorofa la Albert Park mpaka Marie-Claire akatuletea chai. Hujui?

Uamuzi wao umeupata. Mimi nimeupata kwa maandishi: tuhuma “haikuthibitika”. Hawakusema sikufanya. Walisema haikuthibitika, na mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba picha bado ipo, dau bado lipo, na mtu pekee aliyeweza kuiondoa shaka aliulizwa na hakuiondoa. Sijafungiwa. Mchana nilikwenda klabuni kusaini mkataba wa kufundisha wadakaji. Meneja alinikaribisha, akaniuliza habari za familia, akasema hawezi kumwajiri mtu ambaye jambo lake halikuthibitika. Akasema wazazi watauliza. Alinifungulia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna haja ya kunifungia. Neno lako limetosha.

Nilimwomba wakili aniruhusu nikuulize swali moja, akakataa, akasema si utaratibu. Nakuuliza hapa. Ile Jumamosi, kama mpira ungemkuta Peguy kooni, na wakaja kuniuliza mimi kama ulimpiga makusudi, unadhani ningesema sijui?

Hoosen


Johannesburg
20 Juni 2025

Hoosen,

Usingesema.

Nilijua hukuuza mchezo. Nilijua tangu mpira unatoka mkononi mwangu, kwa sababu nilikuona umeegemea upande mwingine, na mtu aliyeuza mchezo haegemei mahali mpira unapotakiwa kwenda. Kivuli chako chote naweza kukiona. Ni vidole tu.

Nilisema sijui kwa sababu nilikuwa nimetoka kupimwa, nimeambiwa mkataba umekwisha, na nikakuona umekaa pale na mkeo amekushika mkono. Nilitaka nawe upoteze kitu. Ni hivyo tu. Hakuna sababu nyingine nzuri zaidi, nimeitafuta.

Peguy amerudi kwao Albert Park. Nimemweleza yote kabla hajapanda basi. Nilimwambia tukiwa kituoni, na begi lake nilikuwa nimelibeba mimi. Akalichukua begi kwa mkono mzima, akapanda. Nikasema sawa, nimestahili. Jumatano usiku simu ikalia, ni yeye, huku televisheni inapiga kelele. Akaniuliza, “Grand, umekula?” Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya ligi hapa. Nimetoa maelezo mapya kwa kiapo: kwamba ishara sikuiona, kwamba nilibahatisha, kwamba hukufanya kitu makusudi na nililijua hilo siku ile ile. Nimeongeza kwamba jibu langu la tarehe 12 lilikuwa la uongo. Wakili Sonia amenipigia leo. Anasema neno “haikuthibitika” litaondolewa, na klabu yako itapelekewa nakala Jumatatu. Mimi nimefungiwa mwaka mmoja kwa kuidanganya kamati. Alisema kama ananisomea hali ya hewa.

Usidhani nimekufanyia wewe. Na usiniandikie asante. Bado nina hasira na wewe. Ulipofuta rangi ungeniambia. Mimi nilipoacha kuona ningekuambia. Tumekaa futi sitini kati ya mtu na mwenzake misimu mitatu, kazi yetu yote ni kuambiana, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Upasuaji ni Agosti, hapo hapo Durban. Nitafikia kwa Marie-Claire. Madaktari wakinifungua macho nitakuja Overport, kwa sababu kuna mambo ninataka kukuambia ambayo hayafai kwenye karatasi, na nadhani nawe unayo. Mwambie Fathima asihangaike kupika. Sitakuja kama mgeni.

Billy